Uzamili wa utawala wa burudani na mapumziko: maswali ninayoulizwa kila wiki

Nilisoma fani hii Marekani miaka miwili, nikarudi Dar es Salaam, na tangu hapo sijapumzika na maswali. Wengine hunipigia simu, wengine hunisimamisha msibani. Nimeyakusanya hapa yale yanayojirudia, na majibu ni yaleyale ninayompa mdogo wangu.

Burudani? Unasomea muziki wa dansi?

Hapana, ingawa sikulaumu. Kwetu ukisema burudani mtu anawaza bendi, ukisema starehe anawaza baa, ukisema tafrija anawaza kadi ya mwaliko. Fani yenyewe inahusu muda ambao mtu hayuko kazini wala shuleni, na mahali anapoutumia: bustani ya mji, ufukwe, kiwanja cha mtaa, bwawa la kuogelea la umma, njia ya kupanda mlima, kituo cha vijana, jumba la wazee. Kuna mtu lazima aamue mahali hapo pafunguliwe saa ngapi, taa ziwashwe na nani, choo kisafishwe mara ngapi, mama mwenye mtoto wa kiti cha magurudumu ataingiaje. Uzamili huu unamfundisha mtu huyo.

Mimi huita utawala wa burudani na mapumziko. Neno "mapumziko" huzuia nusu ya vicheko.

Tofauti yake na utalii au usimamizi wa michezo ni ipi?

Vinagusana, na vyuo vingi vimeviweka idara moja. Ila utalii humwangalia mgeni anayelipa, michezo huiangalia timu na mashindano, na sisi humwangalia mkazi wa hapahapa ambaye hana timu na pengine hana nauli. Kama ndoto yako ni kuendesha klabu ya Ligi Kuu au hoteli ya Nungwi, soma hizo nyingine. Utachoka na sisi mapema.

Ilianzia wapi?

Boston, mwaka 1885, kwenye rundo la mchanga. Daktari mmoja mwanamke, Marie Zakrzewska, alikuwa ameona Berlin watoto wakichezea mchanga kwenye bustani za umma, akawaandikia akina mama wa Boston. Wakamwaga mchanga kwenye uwanja wa kanisa dogo katika mtaa wa wahamiaji maskini, watoto wakaja. Kutoka hapo wakagundua jambo ambalo fani nzima imejengwa juu yake: mchanga peke yake hautoshi, lazima awepo mtu wa kuusimamia.

Mwaka 1906 kikaundwa chama cha taifa cha viwanja vya watoto, Jane Addams wa Chicago akiwa mmoja wa waasisi na Luther Gulick akiwa rais wa kwanza. Mwaka 1926 chama hicho, kikiwa kimeshabadili jina, kilifungua shule ya mwaka mmoja kwa watu waliokwisha maliza chuo. Huo ndio mzizi wa uzamili tunaouzungumzia. Mwaka 1965 vyama vitano viliungana kuwa National Recreation and Park Association, NRPA, na hilo ndilo jina utakalokutana nalo kila kona ukianza kusoma.

Shahada yangu ya kwanza ni ya ualimu. Nitakubaliwa?

Ndiyo. Darasani kwangu alikuwepo muuguzi, mhasibu, mwalimu wa jiografia na mtu wa misitu. Ualimu ni mtaji, kwa sababu umeshazoea kupanga shughuli ya watu arobaini wenye hamu tofauti. Chuo kinaweza kukudai kozi moja au mbili za msingi, mara nyingi takwimu.

Mnasoma nini hasa?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapodhani tulikuwa tunacheza.

Kuna nadharia. Swali kubwa ni kwa nini watu hawapumziki hata pale bustani ilipo. Crawford, Jackson na Godbey, katika makala yao ya mwaka 1991, walivigawa vizuizi katika makundi matatu: vilivyo ndani ya mtu mwenyewe, kama aibu au kujiona hafai, vilivyo kati yake na wenzake, kama kukosa mtu wa kwenda naye, na vya nje, kama fedha, muda na usafiri. Wakasema mtu hupambana navyo kwa mpangilio huohuo. Nilipoisoma nilimkumbuka shangazi yangu, anayeishi dakika ishirini kwa miguu kutoka Coco Beach na hajawahi kukaa pale jioni. Nauli haihitaji. Anasema, "Mtu mzima kama mimi nikakae pale na nani?" Kundi la kwanza na la pili, kwa sentensi moja. Ukijenga barabara mpya ya kwenda ufukweni, shangazi hatakuja. Ukiweka kikundi cha kina mama cha mazoezi Jumamosi alfajiri, huenda akaja.

Kuna elimu ya maeneo ya asili. Zamani wataalamu walitafuta idadi ya watu ambayo eneo linaweza kubeba, kama vile unavyohesabu abiria wa daladala. Ikaonekana namba hiyo haipatikani, kwa kuwa watu kumi wenye kelele huharibu zaidi ya mia waliotulia. Mwaka 1985 watafiti wa Huduma ya Misitu ya Marekani wakaligeuza swali: tuko tayari kuvumilia mabadiliko kiasi gani, na tukifika hapo tutafanya nini? Unachagua vipimo, kwa mfano upana wa njia iliyokanyagwa au idadi ya vikundi unavyokutana navyo kwa siku, unaweka kikomo, unakwenda kupima kila msimu. Yeyote aliyepanda Kilimanjaro msimu wa wageni anajua kwa nini hili linatuhusu.

Kuna fedha: bajeti ya uendeshaji, bajeti ya ujenzi, kiingilio kiwe bei gani na nani asilipe. Kuna sheria na usalama. Kuna takwimu na mbinu za utafiti, na hizo hazina huruma.

Na kuna fildi. Yangu niliifanya kiangazi kizima kwenye idara ya bustani ya mji mdogo. Mkuu wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Kila mchoro tuliompelekea aliutazama, akauliza swali lilelile: "Nani atafagia Jumatatu asubuhi?" Jumatatu, kwa sababu Jumamosi na Jumapili watu ndipo wanapojaa. Kama mchoro haukuwa na jibu, aliurudisha bila kusema zaidi. Nimesahau mengi ya darasani lakini swali lile bado linanijia kila ninapopita kwenye bustani mpya iliyozinduliwa kwa utepe na ambayo miezi sita baadaye bomba limekatika.

Mfano mmoja wa kitu ulichojifunza ukakitumia nyumbani?

Futi kamba ya kupimia. Mwongozo wa usalama wa viwanja vya watoto wa Marekani unasema kwamba uwazi wowote kwenye kifaa cha kuchezea usiwe kati ya inchi 3.5 na inchi 9, yaani takriban sentimita 9 hadi 23. Sababu yake ni mwili wa mtoto. Kwenye uwazi wa namna hiyo anaweza kupitisha miguu na kiwiliwili, kichwa kikabaki. Akining'inia, shingo inabeba mwili mzima.

Mwezi wa pili baada ya kurudi nilipita shule moja ya chekechea mtaani. Wamechomelea kingazi cha kuteleza, kizuri, rangi nyekundu na bluu. Nikaomba ruhusa nipime nafasi kati ya vyuma vya pembeni. Sentimita 15 juu, 16 chini. Mwalimu mkuu alinyamaza, akamwita fundi siku hiyohiyo, na fundi akaongeza chuma kimoja katikati ya kila nafasi. Kazi ya saa tatu. Halafu tukazungumza kuhusu ardhi ya chini, ambayo ilikuwa saruji. Mwongozo uleule unataka kitu laini cha kina cha kutosha, kama vile tabaka la vipande vya mbao lenye kina cha inchi 9 baada ya kushindiliwa. Wao waliamua kutumia mchanga, na mchanga tunao.

Niandike tasnifu au nichague njia isiyo na tasnifu?

Ukifikiria uzamivu au kufundisha chuo, andika tasnifu. Ukitaka kwenda kazini, chukua njia ya mradi au mitihani. Uzamili mwingi ni kati ya krediti 30 na 36, na wa tasnifu huchukua miaka miwili.

Chuo gani ni kizuri?

Swali hili huulizwa vibaya. Usianze na jina la chuo, anza na kitivo ambamo idara imewekwa, kwa maana hapo ndipo utajua watakufundisha nini. North Carolina State idara iko kwenye kitivo cha maliasili, kwa hiyo utasikia sana habari za misitu, ardhi na hifadhi. Penn State iko kwenye kitivo cha afya na maendeleo ya binadamu. Illinois, Urbana-Champaign, iko kwenye sayansi za afya na imeunganishwa na michezo na utalii. Clemson imewekwa pamoja na sayansi za jamii, tabia na afya. Kanada kuna Waterloo, idara kongwe ya masomo ya burudani na mapumziko, nayo iko kwenye kitivo cha afya.

Kisha soma majina ya walimu. Tafuta watatu ambao makala zao unaweza kuzisoma hadi mwisho bila kusinzia. Chuo maarufu ambacho hakina mtu wa kukusimamia kitakupotezea miaka miwili.

Ada ni kubwa. Nani atalipa?

Sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wetu hukata tamaa bure, au huuza kiwanja bila sababu.

Marekani vyuo vingi vina kazi za usaidizi kwa wanafunzi wa uzamili. Unafanya kazi hadi saa 20 kwa wiki, ukimsaidia profesa kwenye utafiti, kufundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza, au kuendesha kituo cha mazoezi cha chuo. Malipo yake mara nyingi ni mawili: posho ya kila mwezi, na kusamehewa ada yote au sehemu kubwa. Watu wa fani yetu wana mlango wa ziada ambao wenzao wa historia hawana: idara ya burudani ya chuo chenyewe, ile inayoendesha viwanja, bwawa na safari za wanafunzi, huajiri wanafunzi wa uzamili. Iandikie moja kwa moja, pembeni na maombi ya masomo.

Uliza mambo manne kwa maandishi kabla ya kukubali: msamaha wa ada ni wa mihula mingapi, bima ya afya inalipwa na nani, makato mengine ya chuo ni kiasi gani, na posho inaendelea kiangazi au inakatika. Hilo la mwisho lilinikuta. Nilifika mwezi wa tano nikiwa na posho ya mwisho mkononi na kodi ya miezi mitatu mbele yangu, kwa sababu sikuuliza.

Nje ya hapo kuna Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, kwa raia wa nchi zetu, na kwa Uingereza kuna ufadhili wa Chevening na wa Jumuiya ya Madola. Zote zinataka ueleze utarudi kufanya nini.

Kukubaliwa bila fedha usikuite ufadhili. Kama barua inasema "hongera" na ukurasa wa pili unataja maelfu ya dola juu yako, jibu kwa adabu kwamba unahitaji kazi ya usaidizi, na usubiri.

Nimwandikieje profesa?

Kwa ufupi na kwa jina lake. Maneno 150 yanatosha. Sema wewe ni nani, makala gani yake umeisoma na imekugusa wapi, unataka kuchunguza nini, na kama anachukua mwanafunzi mwaka ujao. Usibandike barua moja kwa maprofesa ishirini ukibadilisha majina, wanajua. Usianze na salamu ndefu za kwetu za kuulizia familia. Asipojibu, andika tena mara moja baada ya wiki mbili, kisha nenda kwa mwingine. Mwaka wa kwanza niliomba chuo kimoja bila kumwandikia mtu yeyote pale, nikakataliwa. Mwaka uliofuata niliandika barua tisa, watatu wakajibu, mmoja akawa msimamizi wangu.

Mtihani wa GRE, ule wa kuingilia uzamili Marekani, bado unatakiwa?

Idara nyingi za fani hii zimeuacha. Mtihani wa Kiingereza, TOEFL au IELTS, bado, kwa kawaida karibu na 80 ya TOEFL kwa kipimo cha alama 120, au 6.5 ya IELTS. Baadhi ya vyuo humsamehe aliyesoma chuo kwa Kiingereza, kwa hiyo omba msamaha kabla ya kulipia mtihani.

Barua ya maelezo binafsi niandike nini?

Mahali. Chagua mahali pamoja unapopajua na usimulie tatizo lake. Anayesoma barua hizo amechoka na "tangu utotoni nimependa michezo". Mtu wa Unguja anayo Forodhani, bustani iliyokarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009. Wachoma mishikaki, wageni, vijana wanaojirusha baharini na wazee wa baraza wote wanaitaka kwa saa zilezile za jioni. Nani apewe kipaumbele, na nani aamue? Mtu wa Nairobi anayo Uhuru Park na vita ya Wangari Maathai ya mwaka 1989 dhidi ya jengo la ghorofa 60. Wa Dodoma, wa Bukavu, wa Bujumbura, kila mmoja ana uwanja wake uliomezwa na fremu za maduka. Andika huo.

Viza?

Chuo kikikukubali na fedha zikithibitika, kinakutumia fomu I-20, inayothibitisha hayo mawili. Unalipa ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350, kisha ada ya maombi ya viza ya mwanafunzi, F-1, dola 185, ndipo unakwenda kuhojiwa. Masharti kwa raia wa baadhi ya nchi zetu yamebadilika sana karibuni na yanaweza kubadilika tena. Soma ukurasa wa ubalozi siku ileile unayotaka kulipa, usitegemee simulizi za aliyekwenda mwaka juzi. Weka na mpango wa pili: Kanada, Uingereza, au nyumbani.

Nyumbani inawezekana?

Inawezekana. Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi, kimekuwa kikifundisha usimamizi wa burudani na michezo kwa miaka mingi, na ndicho ninachokitaja kwanza kwa mtu yeyote wa Afrika Mashariki. Faida yake ni kwamba mifano yote ni yetu. Msitu wa Karura, zaidi ya hekta 1,000, uko karibu, na unaendeshwa na Huduma ya Misitu ya Kenya pamoja na wananchi wenyewe. Nikipewa kuchagua darasa la fildi duniani, Karura iko kwenye tatu za mwanzo. Tanzania, Chuo cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963, ni cha wanyamapori na utalii wake. Kinakufaa kama moyo wako uko hifadhini, kwa bustani za mjini hakitakutosha.

Kwa njia ya mtandao je?

North Carolina State na Illinois wametoa uzamili kwa njia hiyo. Unafaa mtu aliye kazini tayari. Ila kazi za usaidizi huwa hazipo, kwa hiyo ada ni yako.

CPRP na CTRS ni nini?

CPRP ni cheti cha kitaaluma cha NRPA kwa wasimamizi wa bustani na burudani, unafanya mtihani. CTRS ni cha burudani tiba: kumsaidia mgonjwa wa kiharusi, mwenye ulemavu au msongo wa akili kurudi kwenye maisha kupitia shughuli anazozipenda. Kinataka kozi maalumu na mafunzo kwa vitendo ya saa 560 kwa wiki zisizopungua 14, hivyo uamue mwanzoni. Hospitali zetu karibu hazina watu hawa, na nikiona wodi ya mifupa ambako kijana amelala miezi minne akitazama dari, najua tunakosa nini.

Nikirudi kuna kazi?

Nitakwambia ukweli: hutakuta tangazo lenye jina la shahada yako. Kazi zipo chini ya majina mengine.

Kenya mlango ni mpana zaidi. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezipa kaunti jukumu la bustani, fukwe na maeneo ya burudani. Kaunti 47, na kila moja inatakiwa kuwa na mtu anayeijua kazi hiyo. Nenda na kifungu mkononi.

Tanzania utatafuta halmashauri, kwa maafisa michezo, utamaduni, maendeleo ya jamii na mipango miji. Maeneo ya wazi yamo kwenye ramani za mipango miji, kinachokosekana ni mtu wa kuyaendesha baada ya ramani. TANAPA wa hifadhi za taifa na TFS wa misitu wanahitaji watu wanaojua kupima athari za wageni. Shule binafsi, vituo vya vijana, mashirika ya watoto na wakimbizi nao huajiri. Ukitaka kubaki Marekani kwa muda, F-1 inakuruhusu kuomba hadi miezi 12 ya kazi ya mafunzo baada ya kuhitimu.

Shahada yako ya nje ipeleke kwenye tume ya vyuo vikuu, TCU kwa Tanzania au CUE kwa Kenya, itambuliwe mara tu unapofika. Bila hilo utumishi wa umma hautakuangalia.

Baba anasema hakunisomesha ili nikacheze. Nimjibu nini?

Usimjibu kwa nadharia. Baba yangu naye aliuliza, na nilijaribu kumweleza kwamba Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ibara ya 24, linataja haki ya kupumzika. Alisikiliza kwa heshima, akaniuliza mshahara. Jioni moja nilimpeleka kwenye kiwanja cha mtaa tulichokuwa tumekitengeneza na vijana: taa mbili, benchi sita, bomba, kibao cha bao chini ya mwembe. Akakaa acheze raundi moja. Nilimfuata saa tatu usiku.

Nianze lini?

Masomo huanza Agosti, maombi hufungwa kati ya Desemba na Februari, na nafasi za usaidizi huisha mapema kuliko tarehe iliyoandikwa. Kwa hiyo barua kwa maprofesa ziondoke Septemba. Waombe watu watatu wa kukuandikia barua za mapendekezo Oktoba, mmoja wao awe amekuona kazini. Transkripti iombe leo. Yangu ilichukua wiki saba, na ofisi ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo nililosomea.